Ndoo Nne za Kuku

Mwanangu Zuhura,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Uko chumba cha pili na mama yako mdogo mnakunja nguo, na sasa hivi nimekusikia ukimwambia, "Mama mdogo, ninakwenda Arusha, siendi Ulaya," naye akakujibu, "Arusha ndiyo Ulaya yetu sisi tusio na nauli ya ndege. Weka hilo sweta." Mimi niko hapa mezani pa mapokezi. Wageni wameshaoga, mapipa yamefunikwa, nina karatasi na kalamu na hakuna anayeniita.

Mambo ya sweta, ya kamba ya sanduku na ya kukaa upande gani wa basi nimemwachia yeye. Anayajua, na anayasema kwa sauti inayofika mpaka kwa jirani. Mimi nina jambo moja tu, nalo nimelibeba miaka mitatu.

Jumamosi iliyopita ulikuwa unaosha vyombo na mama yako mdogo, nami nilikuwa nyuma ya ukuta napanga kuni. Alikuuliza kwa nini hukuchagua ualimu kama wenzako. Ukamwambia, "Nataka nijue nilikosea wapi ile siku maji yalipokwisha. Mama alirudi kwenye moshi kwa sababu ya hesabu yangu." Ulisema polepole, kama mtu anayetaja jambo alilokwisha kulizoea. Mimi nilikaa chini juu ya kuni. Kesho yake nikakuita, ukaja ukakaa, nikakuuliza kama umepata viatu. Ukasema, "Viatu ninavyo, baba, tangu juzi." Ukangoja. Ulijua si viatu nilivyokuitia. Mimi nikainuka nikaenda kutazama mapipa ambayo hayakuhitaji kutazamwa.

Mwanangu, hukukosea. Hesabu yako ya siku ile ilikuwa sawa mpaka ndoo ya mwisho. Aliyekosea ni mimi, na mama yako alijua. Nimeshaandika, na kwa kuwa natumia wino siwezi kufuta. Sasa nikueleze tangu mwanzo, ili ujue baba yako alikuwa mtu wa namna gani. Usifikiri nilifanya kwa ubaya. Lakini pia usifikiri ilikuwa bahati mbaya tu.

Kabla hujaanza shule nilikuwa mtunza ghala wa duka la ushirika. Elimu yangu ni darasa la nane, na kwa kazi ile ilitosha. Miaka hiyo bidhaa zilikuwa adimu. Sukari ikija, kila kaya kilo moja. Sabuni ikija, kila kaya mche mmoja. Kaya ya watu tisa kilo moja, bibi anayeishi peke yake kilo moja. Watu walinung'unika, lakini waliniita mtu wa haki kwa sababu sikumpendelea mtu, na mimi nililipenda jina hilo kuliko mshahara. Sikuwahi kuuliza nani anakunywa chai na nani hanywi. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu kaya.

Ikaja ruksa. Maduka ya watu binafsi yakajaa sukari, duka letu likafungwa, tukapunguzwa, nikapewa kiinua mgongo na kupewa mkono wa kwaheri. Mama yako ndiye aliyesema tujenge vyumba vya wageni. Yeye alikuwa mtoto wa mjini. Babu yake alikuja Singida kutoka Pangani akiuza nguo, na watu wa kwao walijua kumsoma mgeni tangu akiwa bado barabarani. Mimi ni Mnyaturu wa Ihanja. Kwetu mgeni unamwekea ugali kabla hajataja jina, lakini kumlaza kwa malipo niliona haya. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikijificha stoo mgeni akifika, mpaka mama yako akaniambia, "Baba Zuhura, toka huko. Mtu amekuja kulala, hajaja kukukamata."

Tulipata vyumba kumi, vitanda ishirini. Haukupita mwaka jirani naye akafungua nyumba ya wageni, akaipaka rangi ya buluu na kuweka kiti cha kuzunguka mapokezi. Mimi kiti cha kuzunguka sikuwa nacho. Nikamwita mchoraji aandike ukutani kwa herufi nyekundu: MAJI YA MOTO SAA ZOTE. Ulikuwa darasa la tano. Ulisimama na begi lako la shule ukayasoma yale maneno, ukaniuliza, "Hata saa sita mchana, baba?"

"Hata saa sita mchana."

"Nani anaoga maji ya moto saa sita mchana?"

Nikakuambia nenda kacheze. Nakumbuka ulikwenda, lakini hukucheza. Ulikaa kizingitini ukaendelea kuutazama ule ukuta.

Kwa maneno yale matano moto wa mama yako ukawa hauzimiki. Nilitia mapipa mawili juu ya mawe nyuma ya nyumba, wazi, bila mfuniko, na nikaweka sheria: kila kitanda ndoo moja ya maji yanayochemka. Vitanda ishirini, ndoo ishirini, mapipa mawili yamejaa. Wageni wawe ishirini au wawe watatu, moto ni uleule. Nilifikiri huko ndiko kumheshimu mgeni. Leo nikiangalia naona ilikuwa ni ileile sukari ya ushirika, nimeihamishia kwenye maji.

Mama yako aliwasha saa kumi alfajiri, na mpaka baada ya isha alikuwa bado anachochea. Kuni za migunga zililetwa na mikokoteni ya punda kutoka upande wa Mwankoko, na zikiwa mbichi moshi wake unauma macho ya mtu aliye barabarani, sembuse aliyeinama juu yake. Hakunilalamikia. Alikuwa akijifunga khanga puani na kuimba, na ukisikia wimbo umekatika ujue anakohoa.

Sasa nikuambie jambo ambalo unalijua nusu tu. Unajua kwamba ule ukuta wa banda la moto ulikuwa na alama za mkaa. Mwanzoni ulifikiri ni za kuhesabu mizigo ya kuni. Na mimi nilifikiri hivyohivyo, mpaka jioni moja nilipomuuliza. Akacheka, akasema, "Hao ni wageni wako." Kila jioni, watu wakiingia, yeye aliwaangalia kutoka uani na kuwachorea. Mstari mrefu ni mtu wa maji mengi, mfupi ni mtu wa maji kidogo. Dereva wa lori aliyetoka Mwanza na vumbi mpaka kwenye kope, mrefu. Mchuuzi wa vitunguu, wa kati, lakini ataoga mara mbili kwa sababu ya harufu. Yule mzee wa Kiomboi anayeuza asali, kijistari kama ukucha. "Na hawa?" nikamwuliza, nikionyesha mistari miwili iliyobanana, mirefu kuliko yote. Akageuza uso. "Hao wamefunga ndoa wiki hii. Hesabu mara mbili, kabla ya alfajiri, na usiulize."

Nikamwambia, "Kumbe unajua mahitaji ya kila mtu. Kwa nini basi unachemsha ndoo ishirini?"

Akasema, "Si umeandika ukutani?"

Wala hakusema kwa kunisuta. Alisema kama mtu anayekumbusha siku ya wiki. Na mimi, mwanangu, nilikuwa na hilo jibu mkononi tangu siku ile, nikaenda kulala nalo.

Halafu ukaja wewe, kidato cha pili, likizo ya Juni. Mwalimu wako wa fizikia alikuazima kipimajoto cha shule, ukaja nacho umekifunga kwenye khanga ya mama yako kama kitoto kichanga. Nilikutazama wiki mbili nzima nikijifanya sikutazami. Ulipima maji ya kisima alfajiri, yakawa nyuzi kumi na nane. Ulipima maji ambayo mgeni ameshayachanganya kwenye ndoo yake tayari kwa kuoga, yakawa karibu arobaini, na mgeni wa pili hivyohivyo, na wa tatu. Mama yako akakuambia, "Ngoja," akatia kiwiko ndani ya ndoo kama alivyokuwa akikitia kwenye beseni lako ulipokuwa mchanga. "Haya yamezidi kidogo." Ukatia kipimajoto, arobaini na tatu. Mkacheka wote wawili mpaka nikatoka kuona kuna nini. Ukaandika kwenye daftari: "Kiwiko cha mama ni sahihi." Nimelisoma daftari lako, nisamehe. Nitakuambia nililipataje.

Na ulivyowauliza wageni! Hakuna binti mwingine hapa mjini angethubutu. Yule mzee wa asali ulimwamkia vizuri, "Shikamoo mzee," akakuitikia, halafu ukamwuliza, "Samahani, utatumia maji kiasi gani?"

"Kwani binti unataka kuniogesha?"

Watu wote uani waliangua kicheko. Mtu mwingine angekimbia. Wewe ulisimama na kalamu yako. "Hapana mzee. Nataka kujua kama utabakiza."

Akakuangalia, akaacha utani. "Mimi naoga nusu ndoo. Nimekulia mahali ambapo maji yanafuatwa nusu siku. Hata ukinipa pipa nitaoga nusu ndoo." Na jioni ile alipomaliza akakuletea ndoo mwenyewe, akasema, "Njoo upime, usije ukasema nimekudanganya." Ikawa nusu kasoro kidogo.

Baada ya wiki mbili ukanikalisha papa hapa nilipokaa sasa. Ulinieleza kwamba moto hauijui ndoo wala haukijui kitanda. Moto unajua maji ni mengi kiasi gani, yameanza na ubaridi gani, na unataka yafike wapi. Ukaniambia hakuna anayeoga maji yanayochemka, kila mtu anayachanganya na ya baridi, kwa hiyo ndoo moja ya kuchemka inaogesha watu watatu na kubaki. Mimi nilikuwa nampa kila kitanda ndoo nzima. Ukaniletea gamba la chumvi ulilolibandua ndani ya pipa, maana maji yetu unayajua, nene kama sarafu mbili zilizopandana, ukasema moto lazima upite kwenye ukuta huu kabla haujayaona maji. Na kuhusu pipa kukaa wazi ukasema, "Baba, mgeni wa kwanza kuoga hapa kila siku ni upepo, na hajaandikishwa kwenye daftari la wageni."

Nilitaka kucheka. Nilijizuia, na hilo nalo najuta, kwa sababu ulikuwa ni utani mzuri.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa umeandika kwamba chini ya nusu ya kuni zingetosha. Moto alfajiri, moto kabla ya magharibi, basi. Na chini yake, mahali pa matokeo, uliandika kama wanavyowafundisha shuleni, kwa mstari ulionyooka: "Mchana: hakuna moto. Mama alale."

Nikasema maji ya moto hayapimwi kwa kalamu. Mama yako akasema, "Mpe siku moja tu, baba Zuhura." Nikakupa siku moja, kama hakimu.

Siku hiyo wageni walikuwa kumi na wanne. Mlikaa na mama yako jioni ya kuamkia siku hiyo, yeye na mkaa, wewe na kalamu, mkakadiria ndoo sita za kuchemka, tano za kuoga na moja ya akiba. Alfajiri mlizichemsha pamoja, mkafunika pipa kwa bati na gunia, mkaingia ndani kusali. Ndipo mimi nikarudi kutoka msikitini.

Uani nilimkuta Shabani, yule mchuuzi wa kuku wa Kinampanda, amesimama na matenga yake. Alikuwa na oda ya kuku thelathini wa harusi, walitakiwa wawe wamenyonyolewa ifikapo saa moja. Akaniambia, "Kaka, nigawie maji ya moto kidogo, niwatie hawa kuku. Nimechelewa, bi harusi atanila mimi."

Nilikuwa najua. Ninakuandikia hivi ili usije ukanitetea. Nilijua mna ndoo sita, nilijua ni siku yako. Lakini mtu alikuwa amesimama mbele yangu ananiomba maji, ukuta uko nyuma yangu na herufi nyekundu, na mimi nikasema, "Chota tu. Yapo tele."

Akachota ndoo nne. Aliwanyonyoa nje ya ukuta, kwenye upepo, na unajua upepo wa Juni wa hapa kwetu. Mpaka jua linatoka manyoya karibu yote yalikuwa yameshafika ziwani.

Mengine uliyaona mwenyewe. Wageni saba walioga, wa nane akakuta pipa linakwaruza. Halafu akatoka yule dereva, taulo kiunoni, kichwa cheupe kwa povu. "Wenye nyumba! Nimejipaka sabuni mwili mzima, maji kama ya kaburini! Mmeandika saa zote. Hii si saa? Au saa zenu zinaanza lini?" Wenzake wakashangilia. Mmoja akasema, "Mwache apigwe na upepo, atakauka kama dagaa." Ulitoka mbio, ukafunua pipa, ukatazama ndani, na ukabaki umeinama vile kwa muda mrefu, kama mtu aliyedondosha kitu kisimani.

Na mimi, mwanangu, mbele ya watu wote wale, nikakuambia, "Haya, mwalimu, lete daftari lako wageni waoge nalo."

Walicheka sana. Nilipata kicheko changu. Nimekilipia kila siku tangu hapo.

Mama yako alikwenda penye moto. Alijifunga khanga kiunoni, akaongeza kuni, akajaza mapipa yote mawili. Alipoinama kuokota gogo nikaona ameokota kitu kingine, akakitazama, akakichomeka kwenye upindo wa khanga. Ulikuwa unyoya. Akaniangalia mara moja tu. Mchana moto uliwaka, na kesho yake mchana, na mwaka ule wote.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilinyamaza. Sababu ninayo moja tu, nayo si nzuri. Nilikuwa nimesema yapo tele, na sikutaka kuwa mtu aliyesema yapo tele wakati hayapo. Na chini ya hiyo iko nyingine. Daftari lako lilikuwa limeanza kunishinda, nami nilikuwa mtu mzima niliyezoea kuitwa mtu wa haki.

Mwaka uliofuata kifua cha mama yako kikachoka. Daktari hakusema ni moshi. Nilimwuliza, akasema kifua kina mambo mengi, na mimi sitajifanya najua zaidi ya daktari. Sitaki nawe uende nalo kichwani kama hesabu, ndoo ngapi, kuni ngapi, siku ngapi. Ninachojua ni kile ulichokiandika wewe, kwamba mchana angeweza kulala, na hakulala. Anayetakiwa kulijibia hilo ni mimi, si wewe.

Siku nne kabla hajafa ulikuwa shuleni, nilikuwa nampa uji. Akasema, "Baba Zuhura, umwambie mtoto habari ya kuku."

Nikasema, "Kwa nini hukumwambia wewe?"

Akasema, "Mimi ningemwambia ili akuchukie kidogo. Wewe ukimwambia hatakuchukia." Halafu akasema uji umepoa, nikaupashe.

Nilimwahidi. Baada ya arobaini nikamwita mchoraji aipake chokaa ile sehemu ya ukuta. Wewe uliona, hukuuliza. Mvua ikinyesha herufi bado zinajitokeza, naziacha. Tukaweka mifuniko, tukabandua chumvi, tukajenga jiko la matofali lenye bomba la moshi kama ulivyolichora, na moto ukawa mara mbili kwa siku. Nilifikiri kufanya kungetosha badala ya kusema. Ulipokuwa unakuja likizo na kuona mapipa yamefunikwa nilikuwa nakuangalia, nikitumaini utaelewa mwenyewe. Kumbe ulikuwa unaelewa jambo jingine: kwamba baba anakuonea huruma, anaitumia hesabu yako ingawa ilikosea.

Daftari lako nilipoliona lilikuwa kwenye sanduku la mama yako, limefungwa ndani ya khanga ileile ya kipimajoto. Ulikuwa umelitupa, naye akaliokota. Ukurasa wa siku ile umeandika, "Ndoo 6. Hazikutosha. Nimekosea. Sijui wapi." Na kati ya kurasa hizo amelaza ule unyoya. Mwekundu, wa jogoo.

Nilitaka kukuambia pia ninavyokuona, maana sijui kama nimewahi. Mwezi uliopita ulinieleza kazi unayokwenda kuisomea. Ulisema kuna watu wanaokadiria nyumba itakula moto na umeme kiasi gani kabla hata tofali la kwanza halijawekwa, na kwamba siku hizi wanaijenga kwanza ndani ya kompyuta, vyumba, madirisha, paa, na watu wake. Nikakuuliza, "Kompyuta itajuaje kama mgeni ni dereva au ni mzee wa asali?" Nilidhani nimekushika. Ukatabasamu. "Hapo ndipo pagumu, baba. Ukuta unaupima kwa futi, unamaliza. Paa unalipima. Lakini maji ya moto huwezi kuyakadiria bila kuwajua watu. Wataalamu wengi wanaweka kiasi kimoja kwa kila kichwa, basi."

Kiasi kimoja kwa kila kichwa. Niligeukia daftari la wageni, ukafikiri sikuelewa. Nilielewa sana. Ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, ghalani kwa kila kaya na hapa kwa kila kitanda. Nikawaza kwamba huko Arusha kutakuwa na watu wenye shahada, na kompyuta, watakaokaa mahali nilipokuwa nimekaa mimi, na mtu mmoja katikati yao atakuwa amefundishwa na mwanamke aliyechora kwa mkaa.

Sina la kukufundisha katika hesabu. Ninalo hili moja tu, nalo limenigharimu. Siku nyingine hesabu yako itakataa. Uiangalie tena, ndiyo, lakini usiwe wa kwanza kujihukumu. Kuna wakati mtu mzima, mwenye heshima zake, amepita alfajiri na kuchota, na amesimama hapohapo uani anakuangalia ukiinama kwenye pipa. Mwulize. Mwulize hata kama ni baba yako. Nadhani ungeniuliza siku ile ningekuambia. Sina hakika, lakini nadhani.

Leo mchana ulipokwenda kuwaaga rafiki zako nililifungua daftari. Chini ya "Sijui wapi" nimeandika kwa mkono wangu: "Hukukosea. Ndoo nne alichota Shabani kunyonyolea kuku, kwa ruhusa ya baba. Sita kutoa nne ni mbili. Mbili ziliogesha watu saba. Hesabu ni sahihi." Nimetia sahihi kama nilivyokuwa nikitia kwenye vitabu vya ghala. Utalikuta kwenye mkoba wako wa mkononi, chini ya lile sweta mnalogombania. Unyoya nimeurudisha pale alipouweka.

Usinijibu kesho stendi, mbele ya makondakta na mama yako mdogo. Barua hii nitaichomeka ndani ya daftari hilo, na basi likishapita Katesh utakuwa na muda. Ukikasirika, kasirika. Safari ni ndefu, inatosha kukasirika na kusinzia na kuamka tena. Ukitaka kuniandikia, niandikie. Ukitaka kunyamaza kidogo, hiyo kazi naijua, nitakusubiri.

Nimetoka nje mara moja kuchora ukuta wa kesho. Naam, huwa nachora na mimi, nikidhani hunioni. Kesho alfajiri kuna wageni tisa, madereva wawili, wengine watu wa alizeti, na yule mzee wa asali ambaye bado anauliza habari zako. Ndoo tatu za kuchemka, na nusu ya akiba. Na moja peke yake, pembeni, ya kwako. Mama yako alikuchorea mstari mrefu kuliko wa dereva yeyote, nikamwambia unamdekeza, akasema, "Huyu si mgeni, huyu hatumkadirii."

Kesho kutwa nitaamka saa kumi, nitajaza pipa, na mkono utaiongeza ndoo yako kabla sijakumbuka. Nitaiona imezidi. Hiyo sitaiita kosa la hesabu.

Mimi baba yako